Mistari Mitatu Kando ya Uso Wangu

Siku nilipoingiza picha kwenye kijitabu cha Mama, mdogo wangu alinikalia usoni. Sisemi kwa mafumbo. Picha yake ilipanda kutoka sehemu ya chini ya ukurasa, ikaja kutua juu ya yangu, na mimi nikabaki paji la uso na macho mawili, kama mtu anayechungulia juu ya ua wa matete. Yeye alikuwa mzima, tangu nywele mpaka mkanda, ameegemea lori lake na kucheka.

Mke wangu alikuwa anapita nyuma yangu na beseni la vitenge kichwani, anakwenda sokoni. Akasimama, akainama kidogo, beseni halikutikisika.

"Papa," akasema, "shemeji amekukalia."

Nikamwambia ni kompyuta. Akasema kompyuta nayo inajua watu, akaenda zake.

Kijitabu chenyewe kilikuwa cha ibada ya shukrani. Mama alikuwa anafikisha miaka themanini, au tuseme anaikaribia, maana mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana kwa nzige na si kwa cheti. Watu wangekwenda kanisani, kisha wangekuja kula kwetu hapa Oli, mtaa wa Arua. Kijitabu kilikuwa na utaratibu wa ibada, nyimbo, maisha ya Mama, halafu kurasa ambazo Mama mwenyewe anasema neno juu ya kila mtoto wake, picha ya mtoto ikiwa kando na maneno yakiizunguka. Hiyo ndiyo kazi inayonilisha mwaka mzima. Napanga kurasa za vijitabu vya harusi, vya misiba, vya shukrani. Watu wananitumia picha na maneno kwa simu, nayapanga kwenye meza iliyo kati ya kitanda na dirisha, na mke wangu akienda mjini anapitisha kazi kwenye duka la kuchapisha. Wapo wateja mjini Arua wanaoamini kwamba mpangaji ni yeye. Wanamsifu, na yeye anapokea sifa bila shida yoyote.

Mimi kutoka nje si kazi yangu. Nilimaliza sekondari, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo, na mapumziko yale hayajaisha mpaka leo.

Kijitabu kiliandikwa kwa Kiswahili kwa sababu nyumba yetu ni ya mchanganyiko. Marehemu Baba alikuwa Mkakwa wa Midia, upande wa Koboko, askari. Mama ni Mlugbara. Mke wangu katokea upande wa Kongo. Na majirani ni kama hivyo hivyo. Kiswahili ndicho hakimu wetu. Hakipendelei mtu, kwa sababu wote tunakivunja sawasawa. Mimi peke yangu nilijipa taabu ya kukisoma vitabuni, na faida niliyoipata ni kuchekwa na watu wa nyumbani kila nikisema "hakika".

Maneno ya Mama niliyachukua kwa simu. Alikaa kwenye kiti chake kando ya mlango, simu nikaiweka juu ya goti lake, akaongea. Nami nilikaa pembeni nikichambua maharage ili asione kwamba ninasikiliza. Masharti yake yalikuwa mafupi: alichosema kiandikwe, ambacho hakusema kisiandikwe. Aliwahi kwenda kwenye shukrani ya mama mmoja jirani, kijitabu kikasomwa kwamba yule mama tangu utotoni alipenda sana elimu. Yule mama alimgeukia mjukuu wake mbele ya watu akamuuliza elimu ilipita njia gani. Mama alicheka siku ile mpaka akashikwa na kwikwi, lakini alirudi nyumbani na sheria.

Basi alianza na dada yetu aliyeolewa Omugo. Akamsema vizuri, kwa kipimo, ukurasa wa dada ukajaa na kukaa sawa. Dada hana ugomvi na mtu, hata kwenye karatasi. Kisha ikafika zamu yangu. Nikapunguza kelele za maharage. Mama akasema hivi, na nimeyanakili bila kugusa hata herufi:

"Wa pili ni huyu tuko naye hapa. Anafanya kazi ya kompyuta. Ni mutu ya nyumbani, hana makelele. Mungu amusaidie."

Halafu akavuta pumzi. Nikadhani ni pumzi ya kuendelea na mimi. Ilikuwa ya kuanza na mdogo wangu.

Huyo alizungumzwa mpaka simu ikapata joto. Kwamba alizaliwa njiani, mvua ikinyesha, wakati Mama anatoka shamba la Midia, na hakulia, alitazama tu. Kwamba akiwa mdogo aliuza karanga za kukaanga kwenye stendi ya Koboko kwa sinia la kuazima. Kwamba leo ana lori, na simsim yake, yaani ufuta, inafika mbali. Kwamba alimletea yeye Mama blanketi la maua, na redio, na mabati ya nyumba hii. Ni kweli, mabati aliyaleta yeye. Aliyashusha getini, akanywa chai, akaondoka. Aliyepanda juu kuyapigilia jua la saa saba, akashuka na shingo iliyobabuka, huyo hakutajwa, na ninamjua vizuri.

Nilichambua maharage yale mpaka nikawa natupa mazima na kubakiza mawe.

Sasa, kwa wasiojua kazi hii: picha inayozungukwa na maneno inahitaji maneno. Ni kama mtu aliyelala kwenye mkeka. Mkeka ukiwa mfupi, miguu inaingia kwenye mkeka wa jirani. Uso wangu, kwa ukubwa tuliokubaliana wa picha zote, ulihitaji mistari kumi na moja kando yake. Mama alinipa mitatu. Kwa hiyo mstari wa nne ulikuwa tayari ni wa mdogo wangu, na picha yake, ambayo imefungwa kwenye mstari wake wa kwanza, ikaja na mwenyewe. Ikakuta mahali pana mtu. Ikakaa juu ya mtu.

Dawa zipo, na mimi ninazijua zote; wateja wangu hawajawahi kukaliana. Kuna kisanduku kidogo ndani ya programu ambacho ukikifuta alama, picha hazikubali tena kulaliana. Nikakifuta. Mdogo wangu akaruka. Aliruka ukurasa mzima, akaenda kutua juu kabisa ya ukurasa unaofuata, katikati, peke yake, chini yake kukiwa na wimbo wa kutoa sadaka. Alionekana kama askofu anayekuja kutoa kipaimara. Nikamrudisha haraka.

Nikajaribu kupunguza picha yangu mwenyewe mpaka itoshe mistari mitatu. Ikawa ndogo kama stempu. Mke wangu aliporudi kuchukua mwavuli aliuliza kama hicho ni kitu cha kubofya.

Nikaweka kizuizi chini ya maneno yangu, yaani amri kwamba maneno ya mtu mwingine yasianze mpaka picha yangu iishe. Hiyo ndiyo dawa safi, ndiyo ninayowapa wateja. Picha zikatengana vizuri. Lakini kando ya uso wangu, chini ya "Mungu amusaidie", pakafunguka uwanja mweupe ambao watoto wa shule wangeweza kuchezea mpira. Niliutazama ule uweupe. Kila atakayefungua ukurasa ule angeona kwamba hapa palitafutwa neno juu ya mtu huyu, likakosekana.

Nikamhamisha mdogo wangu upande wa kulia, mimi nikabaki kushoto. Maneno yake yakabanwa katikati yetu kama mbuzi kwenye mlango, neno moja kila mstari: alizaliwa, njiani, mvua, ikinyesha. Hapana.

Nitasema na hili. Nilimpunguza yeye. Nilishika kona ya picha yake na kuivuta ndani, polepole, mpaka lori likawa kama kibiriti na yeye kama njiti yake. Nilikaa nikimtazama katika hali ile kwa muda. Kisha nikamrudisha alivyokuwa, na si kwa wema. Ilionekana wazi mno.

Wivu wangu kwa huyu kijana (kijana, ana watoto wanne) si wa jana. Sitaki watu wadhani ulianza na kijitabu. Mama ana viatu vya ngozi vyeusi ambavyo vinakaa chini ya kitanda ndani ya mfuko. Anavivaa kwenda kanisani, na anavivaa mdogo wangu akija kutoka Koboko. Lori likisikika kwenye kona, Mama anatafuta viatu. Mimi ananiona kila siku akiwa miguu mitupu, au amevaa ndala, moja yake na moja yangu.

Na Koboko kwenyewe nilikwenda, mara moja, alipohamia nyumba yake mpya. Nilifunga begi: blanketi, sahani yangu, dawa ya tumbo, kandambili, suruali ya kubadilisha na ya kubadilisha ile ya kubadilisha. Barabara ni lami tupu, kabla sijamaliza karanga zangu tulikuwa tumefika. Alinitembeza mjini. Kule magari ya Sudani yanapita huku, ya Kongo yanapita kule, na watu wote wanamjua. Kila duka alinishika bega akasema, "Huyu ndiye mukubwa yangu," na kila mwenye duka alinitazama, kisha akatazama nyuma yangu kuona kama mkubwa mwenyewe bado anakuja. Jioni nilipanda gari nikarudi Arua na begi langu halijafunguliwa. Nilisema nina kazi ya haraka. Kazi yenyewe ilikuwa kijitabu cha harusi iliyokwisha kuahirishwa.

Basi narudi kwenye ukurasa. Dawa zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa moja, ile ya kweli: maneno zaidi. Kwa mteja ningepiga simu, ningesema tafadhali ongezeni mistari minane juu ya Bwana Harusi, na wangeongeza, hata kama ni uongo. Hapa mwenye maneno alikuwa chumba cha pili, tunatenganishwa na ukuta wa tofali moja, na sikujua namna ya kumwambia mama yangu mzazi aniseme zaidi.

Kishawishi kilikuja, hakika kilikuja. Niliandika, "Ni mtoto mwenye busara na msaada mkubwa nyumbani." Nikaisoma kwa sauti ya chini. Ilikuwa sentensi nzuri, na ilijaza mstari na nusu. Lakini nilimwona Mama akiwa kanisani, amegeuza shingo, anauliza busara ilipita njia gani. Nikafuta.

Ndipo nikatoa karatasi moja ya majaribio, ile mbaya, ya kukaliwa, nikampelekea. Mama kioo cha kompyuta hakipendi, anasema kinamtazama, karatasi anaipokea. Aliishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaipeleka tena mbali.

"Huyu anakaa juu yako namna gani?" akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza kitaalamu sana, kuhusu mistari na picha na nafasi, mikono yangu ikionyesha hewani. Nikasema shida si ya mtu, shida ni ya mashine: kompyuta inataka maneno mengine kama mistari minane hivi, ya yule wa pili, ili picha zisilaliane. Maneno yoyote tu. Nikasema tena, yoyote.

Mama akaiweka karatasi mapajani.

"Kompyuta ndiyo inataka?"

"Ndiyo, Mama."

"Haya, ilete hapa ikae. Nitaiambia."

Sikujua kama ananicheka. Kwa Mama huwezi kujua, uso wake hausaidii. Nilikwenda nikaileta kompyuta kweli, na waya wake, nikaiweka kwenye kigoda mbele yake, nami nikachuchumaa pembeni kama mkalimani. Akaitazama mashine, akaisalimia kwa Kilugbara, akauliza habari za nyumbani kwake. Kisha akaanza kusema nayo, si na mimi. Mimi nilikuwa naandika tu.

Alisema hivi:

"Huyu mutoto alikuwa anaogopa bata mpaka darasa ya tano. Akiona bata anapita nyuma ya kanisa, inakuwa safari. Maharage anachoma, nimemwambia aache, ananiambia iko karibu. Akienda Koboko anafunga begi kama mutu anahama, na jioni amerudi. Asubuhi anakuja kuniuliza nimelala namna gani, na anangoja jibu, hata jibu ikiwa refu. Watu wengine wanauliza wakiwa wanatembea. Mchana mimi iko huku, yeye iko kule, ukuta katikati. Nasikia vidole yake kwa kompyuta, ta-ta-ta, kama kuku inakula mahindi kwa bati. Mimi nikikohoa, inanyamaza. Hakuji, haulizi. Inanyamaza tu. Nikimaliza kukohoa, inaanza tena."

Hapo akanyamaza yeye. Nami nikawa nimenyamaza, kwa maana kwamba vidole vilikuwa vimesimama kwenye neno "inaanza" na havikutaka kwenda mbele.

"Imetosha?" akaiuliza kompyuta.

Nikasema imetosha. Kisha nikajaribu kujadiliana naye juu ya bata. Nikamwambia jambo la bata si lazima lisomwe mbele ya padri. Akasema yeye hakuzungumza na mimi.

Nilirudi mezani nikiwa mtu mwenye mistari. Nitakiri kwamba niliisoma mara nyingi kuliko kazi ilivyohitaji. Mimi ambaye kila siku nilijua kwamba ninapiga kazi na yeye amelala, kumbe tulikuwa wawili kwenye ile kazi. Na kule kunyamaza nilikuwa sikukujua. Nilijua kwamba nikimsikia anakohoa nasikiliza. Sikujua kwamba kusikiliza kwangu kunasikika.

Sasa maneno yaliingia, na kama kawaida ya kazi hii, yakawa mengi. Aliyekosa mkeka alipata mkeka na mto. Mistari yangu ikapita chini ya picha yangu, ikaendelea, ikamsukuma mdogo wangu chini mpaka akakosa pa kusimama, akaruka tena kwenda kuwa askofu kwenye ukurasa wa sadaka. Kulikuwa na njia mbili. Moja ni kupunguza maneno yake yeye: nikitoa lile blanketi na redio tu, kila kitu kingekaa. Nilikuwa na kidole juu ya blanketi. Lakini sheria ya Mama ilikuwa sheria kwa wote, nami ndiye niliyekuwa nimetoka kunufaika nayo. Kuongeza ukurasa nako hakuwezekani, maana kijitabu cha kukunja hakiongezeki ukurasa mmoja. Kinaongezeka karatasi nzima, kurasa nne, na ningezijaza na nini, bata?

Nikafanya ya pili. Nilipunguza picha zote mbili, yake na yangu, kwa kipimo kimoja, kidogo tu, nikaweka na kile kizuizi kati yetu ili maneno yake yasianze mpaka uso wangu uishe. Zikakaa. Mimi juu, yeye chini, mstari mmoja wa hewa katikati. Kimo tukawa sawa, jambo ambalo halijatokea tangu alipofika darasa la saba akanipita kwa kichwa.

Alikuja kutoka Koboko siku mbili kabla ya ibada, na mchele na sukari ndani ya lori. Mama alikuwa na viatu miguuni kabla lori halijazima. Alipokwisha kusalimia watu wote na kutikisa mkono wangu mpaka bega, akaomba kuona kijitabu. Nilimpa nakala ya majaribio ya mwisho, nikarudi mezani kwangu, nikaacha dirisha wazi. Alikaa barazani, miguu imenyooshwa, akaanza kusoma. Nilimsikia akicheka kwenye bata. Alicheka vibaya sana. Akamwita mke wangu aje asikie, wakacheka wawili. Kisha akafika mahali, kicheko kikakatika.

Akaja kusimama dirishani, kwa nje, na karatasi mkononi.

"Mukubwa, umenipunguza," akasema.

"Nimetupunguza wote."

Akatazama tena ukurasa. Nikadhani anapima picha. Hakuwa anapima picha.

"Hii ya kukohoa," akasema. "Ni wewe uliandika, ao ni yeye alisema?"

"Alisema yeye."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya kompyuta."

Akatikisa kichwa polepole. Alisema kwamba maneno yake yeye ni mengi, ndiyo, lakini ni maneno ya vitu. Blanketi, redio, bati. Hata dereva wake angeweza kuyasema. "Batu ya Koboko bote bangeweza kuyasema," akasema. Akaniuliza kama hakuna namna ya kumwomba Mama aongeze kitu kwake, kitu kidogo tu, cha namna hiyo. Nikamwambia nafasi imejaa. Nilimwambia kwa utaratibu, kwa sauti ya fundi: nikiongeza mstari mmoja kwako, picha itaruka.

Ilikuwa kweli kabisa. Lakini sijawahi kusema ukweli kwa raha namna ile. Kumwona mtu mwenye lori anasimama kwenye dirisha langu, ananionea wivu mimi na kandambili zangu, ilikuwa kama kula kiporo cha sikukuu ambacho nilidhani kimeliwa. Mke wangu ananijua. Alipita na sufuria, akanitazama mara moja, akasema, "Papa, funga mdomo, meno inaonekana."

Mchana ule mdogo wangu hakwenda mjini kama alivyokusudia. Alivuta kiti akakiweka barazani, kati ya mlango wa Mama na dirisha langu, akakaa. Mama alikuwa amejilaza, mlango uko wazi nusu. Mimi nilikuwa na kijitabu cha watu wengine, harusi, picha nyingi za maua; nilikuwa napiga kazi. Ta-ta-ta. Nilianza kuisikia mwenyewe, na kweli, ni kama kuku.

Kisha mdogo wangu akakohoa.

Haikuwa kikohozi. Mimi nimeishi na kikohozi cha kweli kwenye ule ukuta, najua kinavyoanza kutoka chini. Hiki kilianzia midomoni. Nikaelewa anachofanya, na sikuacha. Niliongeza mwendo. Niligonga zile herufi kama mtu anayepigilia mabati.

Chumbani, Mama akacheka peke yake, kicheko kifupi cha puani.

"Hiyo yako ni vumbi ya Koboko," akamwambia kupitia mlango. "Kunywa maji."

Mdogo wangu akanywa maji kweli. Nikaendelea na maua yangu, nimeshinda, mgongo umenyooka. Kisha, baada ya kitambo, akakohoa tena. Safari hii kilikuwa kidogo, cha aibu, na sina hakika kama alikikusudia.

Vidole vyangu vikasimama. Sikuviambia. Nilivitazama pale juu ya herufi, nikavikasirikia sana, na nje hakuna aliyesema neno mpaka nilipovirudisha kazini.